Rubani akikataa kuruka na mgonjwa akafa, nani mwenye dhambi?

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Matema, wilayani Kyela, bila shaka unaijua sura ya mahali pale. Mbele yako ni Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeinuka ghafla kutoka majini, na aghalabu vilele vyake vimefunikwa na mawingu. Ng'ambo ya ghuba kuna Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa Kyela na mbali zaidi. Ukiendelea kusini unaingia katika vijiji vya mwambao wa Ludewa, hadi Lupingu na Manda.

Vijiji vingi katika mwambao huo vimebanwa kati ya mlima na maji. Mgonjwa wa dharura njia yake kuu ni ziwa, na ziwa lina upepo wa mwera, ambao ukivuma wavuvi wenyewe huvuta mitumbwi yao nchi kavu. Meli za ziwani, tangu MV Songea na MV Iringa za zamani hadi MV Mbeya II iliyozinduliwa mwaka 2021, ni vyombo vya ratiba. Uchungu wa uzazi hauna ratiba. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, ni msaada mkubwa kwa Nyanda za Juu Kusini, lakini mgonjwa wa Ikombe atafikaje Songwe?

Kijana mmoja mwenyeji wa Kyela, ambaye nilimfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, aliniambia kuwa anataka kuwa rubani wa helikopta ya kubebea wagonjwa. Nikamwambia hiyo ni kazi ya heri. Lakini hakuwa anatafuta sifa. Akauliza: "Ustadhi, siku hali ya hewa ikiwa mbaya, nikakataa kuruka, na yule mgonjwa akafa, mbele ya Allah nitakuwa nimeua?"

Swali hili si la rubani peke yake. Ni la nahodha wa boti anayegongewa mlango usiku, ni la dereva wa gari la wagonjwa aliyefika kwenye daraja lililofunikwa na maji, na ni la kila mtu aliyeshika uhai wa mwenzake. Kwa hiyo nimeona tulijadili hadharani.

Kazi yenyewe

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Helikopta ilianza kutumika kuokoa majeruhi vitani nchini Burma mwaka 1944. Kwa raia wa kawaida, Ujerumani ilianzisha huduma ya kudumu mjini Munich mwaka 1970, na London ikapata ya kwake mwaka 1989. Afrika Mashariki haikuwa nyuma katika wazo la kumfuata mgonjwa kwa anga. Shirika tunalolijua leo kwa jina la Amref lilianza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ndogo, na mmoja wa waasisi wake, daktari Michael Wood, alikuwa akirusha ndege mwenyewe.

Tofauti ya helikopta na ndege ni kwamba helikopta haihitaji uwanja wa kukimbilia. Kiwanja cha mpira cha shule kinaweza kuitosha. Ndiyo maana mtu akiutazama mwambao wa Ziwa Nyasa anaona kama chombo hiki kiliumbiwa mahali pale. Hata hivyo, mahali panapohitaji helikopta zaidi ndipo penye hatari zaidi kwake: mlima, wingu, upepo wa ziwani na giza lisilo na taa hata moja.

Majibu mawili mepesi

Swali la kijana yule lina majibu mawili ambayo watu huyatoa haraka. Wa kwanza atasema: rubani ni lazima aruke. Atataja Suratul Maida aya ya 32, ambapo Allah (s.w.) amelinganisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Kwa mtu huyu, rubani anayebaki chini ni mwoga, na dini haina nafasi kwa mwoga.

Wa pili atasema: rubani asiruke. Atataja Suratul Baqara aya ya 195, ambapo tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo. Kwa mtu huyu, ajali ni kosa la aliyejipeleka, na aliyebaki nyumbani hana la kuulizwa.

Wote wawili wametaja aya za kweli. Lakini wote wamezichukua aya hizo juu juu. Hebu tuanze na wa kwanza.

Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki. Waliotangulia kufika pale walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa na vifaa wala mafunzo, lakini walikwenda na watu wakaokolewa. Nani atawalaumu? Mvuvi yule alihatarisha roho yake mwenyewe kwa ajili ya wengine, na huo ni ushujaa unaosifiwa.

Rubani wa wagonjwa hayupo katika hali hiyo. Nyuma yake ameketi muuguzi, pengine na daktari, na atakaporudi atakuwa na mgonjwa ambaye hawezi hata kujifungua mkanda. Roho zile si zake. Amekabidhiwa, na kitu cha kukabidhiwa ni amana. Mtu anaweza kutoa sadaka mali yake yote akasifiwa, lakini hawezi kutoa sadaka mali ya yatima aliyewekewa. Vivyo hivyo, ushujaa wa kutumia roho za wengine una hesabu yake.

Desemba 24, 2025, helikopta iliyokuwa katika kazi ya kuokoa wagonjwa Mlima Kilimanjaro ilianguka katika eneo la Kambi ya Barafu. Watu watano walifariki, wakiwamo rubani na daktari. Silitaji tukio hili kumhukumu yeyote. Nalitaja ili msomaji aone kuwa tunapozungumzia hatari hatuzungumzii mambo ya kufikirika. Waliokwenda kuokoa walikufa pamoja na waliokwenda kuokolewa.

Huruma inaweza kuua

Wenzetu waliotangulia katika kazi hii wamejifunza jambo zito kwa gharama ya damu. Marekani ina mamia ya helikopta za wagonjwa. Mwaka 2008 ajali zake zilikuwa nyingi na vifo vikawa vingi mno, hadi Februari 2009 bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ikaitisha kikao cha hadhara kuchunguza tatizo lenyewe. Moja ya mambo yaliyojitokeza tena na tena ni safari za usiku na za hali mbaya ya hewa.

Rubani aliyezoea kuruka kwa kutazama ardhi akiingia ndani ya wingu bila kutarajia, au akawa juu ya maji usiku usio na mwezi, hupoteza alama zote. Sikio la ndani, ambalo humpa binadamu mizani ya mwili, humdanganya. Ataona yuko sawasawa, kumbe chombo kimelala upande na kinashuka. Mapenzi yake kwa mgonjwa hayabadilishi jambo hilo hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, katika huduma nyingi za aina hii umewekwa utaratibu ambao mtu akiusikia mara ya kwanza ataudhania kuwa ni ukatili. Rubani haambiwi habari za mgonjwa kabla hajaamua. Haambiwi kama ni mtoto mchanga au mzee, wala kama amebakiza saa moja au siku tatu. Anaambiwa ni wapi, kisha anaulizwa: njia inapitika au haipitiki? Aidha, muuguzi na wenzake wana haki ya kukataa. Mmoja wao akisema hapana, safari haipo.

Kwa nini? Kwa sababu wameona kuwa rubani akisikia ni mtoto anayekufa, atayaona mawingu kuwa mepesi kuliko yalivyo. Huruma ni sifa ya muumini, tena ndiyo iliyomfanya achague kazi hii. Lakini huruma ikikaa mahali pa elimu inaweza kuua wanne badala ya mmoja. Na fiqh yetu inatambua kuwa dhara haliondolewi kwa kuleta dhara lililo mfano wake, seuze kubwa zaidi.

Umar (r.a.) njiani Sham

Atakayesema kuwa kurudi nyuma ni kukosa tawakkul, na aisome safari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) kuelekea Sham, mwaka wa 18 Hijria. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipewa habari kuwa tauni imeingia Sham. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Rai zikatofautiana. Mwisho akatangaza kuwa anarudi Madina.

Abu Ubaida (r.a.), mmoja wa Masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah, na akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Kote atakakowachunga, ni kwa qadar ya Allah. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah na akaondoka. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, Umar hakuwa mwoga, na hilo halihitaji ushahidi. Pili, hakuamua peke yake wala kwa hisia, bali kwa mashauriano. Tatu, hakuwa na roho yake tu. Alikuwa na watu nyuma yake. Rubani anayesema "leo haipitiki" baada ya kusoma hali ya hewa na kushauriana na wenzake, ana Umar (r.a.) mbele yake kama kigezo.

Hapana yenye dhambi

Hata hivyo, si kila "hapana" ni ya Umar. Ipo hapana ya uvivu. Ipo hapana ya usingizi mtamu. Ipo hapana ya kusikia kuwa mgonjwa hana bima, au si wa kabila letu, au si wa dini yetu, ilhali aya ya Suratul Maida imetaja nafsi, haikutaja kabila. Mwenye kukataa kwa sababu hizo na akaisingizia hali ya hewa, atajibu mbele ya Yule asiyedanganywa na ripoti.

Kipimo ni rahisi. Rubani ajiulize: je, kwa upepo huu huu na wingu hili hili, ningeruka kama anayeumwa ni mheshimiwa wa serikali? Ningeruka kama ni mama yangu? Kama jibu ni ndiyo kwa mheshimiwa na hapana kwa mama wa Ikombe, basi hajapima hewa. Amepima watu.

Aidha, iko ruka yenye dhambi. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, amebainisha kuwa mwenye kutibu watu bila kujulikana kuwa ana ujuzi wa tiba, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayosababisha. Kanuni hii inamgusa kila mwenye fani. Aliyesoma, akafuata taratibu za fani yake, kisha qadar ikapita, huyo hana lawama ya muuaji. Anayeruka usiku hali hakufunzwa kuruka usiku, au anayekwenda na boti mbovu isiyo na maboya, huyo ni mdhamini hata kama nia yake ilikuwa njema.

Basi nani wa kuulizwa?

Sasa tumgeukie yule wa pili, aliyetaja aya ya maangamizo na kudhani amemaliza. Mgonjwa wa Ikombe amekufa. Rubani ameruka au hakuruka kwa haki. Je, faili limefungwa?

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) katika vita vya Konstantinopoli. Mtu mmoja wa jeshi la Waislamu alijitosa katika safu za Warumi, watu wakapiga kelele kuwa amejitia katika maangamizo. Abu Ayyub akasimama kuwasahihisha. Akawaeleza kuwa aya ile ilishuka kuhusu wao Ansari, pale Uislamu ulipopata nguvu, wakaambizana kwa siri kuwa sasa wakae wazitengeneze mali zao. Maangamizo yaliyokusudiwa, kwa maelezo yake, ni kule kukaa na mali na kuacha kujitolea. Na ukiitazama aya yenyewe, inaanza kwa amri ya kutoa katika njia ya Allah.

Kumbe aya tunayoitumia kumzuia rubani inamsema kwanza mwenye mali aliyekaa sebuleni. Hapa ndipo swali la kijana wa Kyela linapotuangukia sisi wa mijini.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Usiku ule wa mwera, rubani alikuwa mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu. Kabla yake kulikuwa na swali la zahanati: ilikuwa na mkunga? Kulikuwa na swali la ndoa: mume alimruhusu mkewe kuhamia karibu na hospitali wiki za mwisho, au alisema hakuna pesa? Kulikuwa na swali la boti na swali la damu benki. Ukimlaumu rubani peke yake, umewasamehe watu kumi waliolala.

Na tusiseme kuwa haiwezekani. Kwa takwimu za kitaifa, vifo vya wazazi Tanzania vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na vikashuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Aprili 2022 serikali ilizindua kitaifa mpango wa m-mama, ambao mtu hupiga namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, hutafutwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, akambeba mama, akalipwa kwa simu. Dereva yule hana mabawa, lakini kazi yake ni ile ile ya rubani tunayemzungumzia.

Fardhu tuliyoilalia

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa Ulumid-Din aliihesabu tiba kuwa fardhu kifaya, na akalalamika kuwa ilikuwepo miji isiyo na daktari ila wasio Waislamu, ilhali watu wanasongamana katika fani za mabishano zinazoleta vyeo. Miaka zaidi ya mia tisa imepita. Sisi leo tuna mihadhara mingapi ya kubishana, na tuna marubani, madaktari wa dharura na wapima hali ya hewa wangapi?

Huko Matema hospitali inayowahudumia watu ni ya Kanisa la Kilutheri, na Waislamu nao hutibiwa pale. Tunawashukuru. Lakini shukrani haiondoi fardhu iliyo shingoni mwetu. Mwanzoni mwa karne ya 10, waziri Ali bin Isa wa Baghdad alimwandikia mkuu wa madaktari Sinan bin Thabit awatume matabibu na dawa wazunguke vijijini kusiko na tabibu. Madaktari wanaosafiri si jambo geni katika historia yetu. Geni ni sisi kusahau.

Kwa kijana anayetaka kazi hii, njia iko wazi japo ni ndefu. Fizikia, Hisabati na Kiingereza si masomo ya kukimbia. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga baada ya mafunzo, mitihani na vipimo vya afya. Leseni ya biashara pekee haimfanyi mtu rubani wa wagonjwa. Marekani, kampuni nyingi hutaka saa zipatazo 2,000 angani kabla ya kumkabidhi mtu kazi hiyo, maana yake ni miaka ya kubeba watalii na mizigo huku unajifunza kusema hapana. Asiyeweza gharama hizo asikate tamaa. Fundi wa mitambo, muuguzi, mtoa taarifa za hewa na anayepokea simu ya 115 wote wamo katika uokoaji ule ule.

Kwetu sisi wenye misikiti na kamati, tuanze na tunachokiweza. Kununua helikopta leo ni ndoto, na hata ikipatikana, saa moja ya kuirusha hugharimu fedha nyingi. Lakini boti moja yenye injini imara, maboya, taa na nahodha aliyefunzwa, ikawekwa wakfu kwa mwambao wa Ikombe, haiwashindi Waislamu wa Kyela, Tukuyu, Mbeya na Dar es Salaam wakichangishana. Pia kumlipia ada kijana mmoja wa sayansi hakuwashindi watu wanaochangia maulidi na harusi kila mwezi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Rubani mwenye ujuzi, aliyepima hewa bila kupima watu, akashauriana na akakataa, hajaua, hata kama usiku ule hatapata usingizi. Na sisi tuliolala usingizi mzito, bila boti, bila mwanafunzi wa kumsomesha na bila hata kuijua namba 115, tusijione tumesalimika kwa sababu hatukuwepo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza fardhu zao kabla ya kuulizwa. Wallahu a'alam.